Nyundo ya Adhuhuri

Kaka yangu hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi. Anayeshinda akigonga mabati hana haja nayo. Akitaka kukujibu anagonga, akitaka kukunyamazisha anagonga, na akiwa na furaha anagonga vilevile, ila kwa madaha kidogo. Mtaani wanamwita Gonga. Hata wifi yangu, aliyeolewa naye mimi bado sijajua kutunga uzi kwenye sindano, akikasirika humwita Gonga, na akitulia humwita Mzee.

Mimi ni dada mdogo wa kaka, wa mwisho kuzaliwa. Nakaa chumba cha uani, na cherehani yangu iko barazani, katikati ya jiko la wifi na banda la kaka. Mungu mwenyewe ndiye aliyeniweka hapo, maana hakuna neno linalotoka jikoni kwenda bandani bila kupita mbele yangu. Wengine wangeuita umbeya. Mimi nauita kukaa penye mwanga mzuri.

Ukitaka kumjua kaka, mtazame anavyomaliza ndoo. Akishakunja ukingo na kulehemu mshono, haitii maji kwanza kama mafundi wengine. Huigonga mara moja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ndoo nzima hulia mlio mrefu, na yenye tundu hulia kama imekabwa. Miaka ya karibuni alianza mtindo mpya, akiigonga anaiegemezea kidevu na kufumba macho. Tuliona ni mbwembwe za uzee, na mimi nilimtania kwamba siku hizi ndoo zinambusu.

Mwaka huu mtoto wa jicho akamzidi. Macho yote mawili yaliingia ukungu, akawa anakata bati kwa kupapasa, mpaka binti yake akamshika mkono na kumpeleka hospitali. Wakaanza na jicho la kulia, ndilo lenye matumaini. Likafanyiwa upasuaji na kufunikwa. Daktari hakumweleza kaka masharti, alimweleza wifi, maana alishaona nani anaongoza ile nyumba: mzee asiiname, asinyanyue kitu kizito, asikae penye vumbi.

"Na nyundo?" wifi akauliza.

"Nyundo ndiyo asiiguse kabisa. Akilishtua jicho hili likiwa bado bichi, tunaweza kulipoteza. Na lile la kushoto siwezi kukuahidi kitu."

Wifi alirudi na maneno hayo kama askari aliyepewa zamu. Kaka akakubali yote kwa kutikisa kichwa. Kila asubuhi akawa anajikongoja mpaka bandani na kukaa kwenye kigoda chake, mikono magotini, kwa kuwa hajui mahali pengine pa kukaa. Ua ukawa kimya hata nikaanza kusikia cherehani yangu inavyokohoa.

Siku ya kwanza ya nyundo ilikuwa adhuhuri, jua limesimama utosini, hata kuku wamejilaza kivulini. Ikaja sauti kutoka upande wa bandani. *Tok-tok-tok-tok.* Kimya. *Tok-tok-tok-tok.* Si nzito. Ilikuwa sauti ya mtu anayening'iniza nyundo ndogo kwa vidole viwili ili asisikike.

Wifi alikuwa anasugua sufuria. Mkono ukaganda.

"Wifi, umesikia?"

"Nimesikia nini?" nikasema, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri sana. Undugu ni undugu.

Akaenda bandani mbio, mimi nyuma yake, kwa nia ya kutuliza mambo, na pia ili nisipitwe. Sauti ikakatika tulipofika. Kaka alikuwa kwenye kigoda vilevile, jicho moja limefunikwa, la pili limejaa maziwa, mikono magotini. Nyundo ilikuwa pale pale juu ya fuawe, kile chuma chake cha kugongea, karibu na mkono wake.

"Ulikuwa unagonga."

"Eh?"

"Nasema ulikuwa unagonga!"

"Mimi? Sijagusa kitu."

"Na hiyo sauti ilikuwa ya nani?"

"Sauti gani? Mimi sijasikia sauti."

Hapo ndipo alipojiharibia. Angesema ni jirani anatengeneza paa, wifi angeguna, yangeisha. Lakini kukana sauti iliyoingia masikioni mwa kila mtu uani, hata kuku wakainua vichwa! "Njia ya mwongo ni fupi, Gonga," wifi akamwambia, akaondoka na nyundo.

Jioni hiyo alizikusanya zote, kubwa, ndogo, ile ya mti ya kunyooshea mabati, na mkasi juu yake. Akazifunga kwenye shuka na kuzisukuma chini ya kitanda changu. Nikawa mlinzi wa ghala la silaha bila mshahara.

Kesho yake adhuhuri, *tok-tok-tok-tok.*

Wifi hakwenda bandani. Alikuja moja kwa moja chumbani kwangu, akapiga magoti, akafungua shuka. Zana zote zilikuwepo. Akainuka taratibu, akanikata jicho.

"Pasi yako iko wapi?"

"Wifi! Nimpe kaka pasi agongee mabati?"

"Damu nzito kuliko maji. Iko wapi?"

Nikamwonyesha pasi. Nikamwonyesha na mkasi wangu wa vitambaa, na kinu, na kila kitu kizito nilichonacho. Hakuridhika. Tangu siku hiyo kila kitu kilikuwa ushahidi. Alimkuta kaka na chenga laini za mti begani, nyeupe, mbichi, akasema ndiyo hiyo, ameokota gogo anagongea gogo. Shuka zilizoanikwa zikapatikana zina vimbegu vinavyonata kama gundi, akavikwangua kwa kisu huku akisema hata nguo safi hazina amani katika nyumba hii. Hilo la mbegu sikuona linahusiana vipi na kaka, lakini mtu akishatiwa hatiani hubebeshwa na ya jirani.

Na bado hakuruka hata mara moja kumtia dawa. Asubuhi na jioni alimkalisha barazani mbele yangu, akamshika kidevu, akamfungua jicho kwa vidole vyenye hasira na kumdondoshea tone pasipo kumwaga. Mwanzoni alikuwa akimsemesha huku anamtia. Baadaye akawa anamtia akiwa kimya, na kimya cha wifi yangu ni kizito kuliko fuawe.

Siku moja akaja kukaa kwenye benchi la wateja wangu. Nilidhani anataka kushonewa. Akaanza kulia.

"Jicho likienda, wifi, nitamfanyaje? Mtu huyu bila kazi yake ni ganda."

"Halitaenda."

"Na wala si nyundo inayoniuma. Ningejua ana kiu ya kazi, ningemwonea huruma. Kinachoniuma ni kunitazama usoni na kuniambia hajasikia. Hajawahi kunidanganya huyu. Umaskini tumepita naye, maradhi tumepita naye, uongo hatujawahi." Akajifuta kwa upindo wa gauni. "Mwanangu akipita na lori lake, naondoka naye. Nitakaa kwake. Agonge mpaka apofuke, mimi nisiwepo kuona."

Nilijua hatanii. Nikaacha kushona, nikaenda bandani, nikakaa karibu na kaka begani kwa bega. Nikamwuliza kwa upole, kwa sauti ya chini wifi asisikie, "Kaka, nieleze mimi ndugu yako. Unagongea nini?"

Akageuza uso kunielekea, akainamisha kichwa kidogo, akatabasamu.

"Nimekula, asante," akasema.

Nikaona ananikwepa. Nilikasirika, nikarudi kwenye cherehani yangu na kumharibia mteja mkono wa blauzi. Mtu unamtetea, naye anakujibu mambo ya chakula! Wifi alipompitia baadaye akamtupia methali ya mwisho, "Sikio la kufa halisikii dawa." Kaka akatikisa kichwa kukubali, na hilo likatuudhi zaidi.

Binti yao akaja wiki ile ile. Ni dereva wa malori makubwa, yale ya kuvuka mipaka, na akiingia uani huingia na vumbi la nchi tatu. Aliliacha lori barabarani, akaniamkia, akamkumbatia mama yake, akamwinamia baba yake na kumpigia kelele sikioni kama anavyozoea, kwa kuwa dereva yeyote hupiga kelele. "Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu!" Kaka akafurahi sana. Sisi hakuwa akitujibu hivyo.

Chakula kiliandaliwa barazani. Nyuma ya mlango niliuona mfuko wa wifi, umefungwa tayari. Hakuwa amemwambia binti chochote. Alikuwa anangoja tule kwanza, maana hata mtu anayeiacha nyumba hawezi kumwacha mwanawe na njaa. Tukanawa, tukakaa, kaka akiwa kati yetu na mkono wake kwenye sahani. Jua likapanda mpaka utosini.

*Tok-tok-tok-tok.*

"Haya!" wifi akaruka. "Msikie baba yako! Msikie mwenyewe usije ukasema mama…"

Akaishia hapo. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa kaka, na mkono wa kaka ulikuwa kwenye sahani.

*Tok-tok-tok-tok.*

"Baba amefanya nini?" binti akauliza huku akitafuna. "Huyo si kitororo?"

"Nani?"

"Kitororo, mama. Ndege. Huyu hatuachani njiani. Nikiegesha kwenye misitu ya magharibi kule ninakobeba mbao, yupo. Nikirudi huku kwetu kwenye milima, yupo. Nikishuka kusini mpaka karibu na pwani ya kule mwisho, yupo anagonga. Ni kwenye ukame mkali tu ndiko simsikii. Sisi tunamwita fundi wa gereji, maana ukijilaza mchana chini ya gari unaamka unadhani kuna mtu anakung'olea gurudumu."

Tukatoka kumtafuta, wote isipokuwa kaka, ambaye aliendelea kula. Kwenye mparachichi ulioinamia banda kuna tawi lililokufa zamani, na binti akatuonyesha kwa kidole. Nilitazama nikaona majani. Nikatazama tena nikaona kindege kifupi cha kutosha kwenye kiganja, mgongo mweusi, uso mweusi wenye mistari miwili myeupe kama mtu aliyejipaka chaki, kifua cha kijivu kinachoishia kwenye unjano hafifu. Alipogeuka nikaona kiunoni kiraka cha njano safi. Kama fundi nguo nilimsifu aliyekibandika. Mdomo ulikuwa mnene kuliko umbo lake, na pembeni umeotesha vinywele kama masharubu.

"Wana ukoo mkubwa hawa," binti akasema. "Zuwakulu. Wapo wakubwa wenye vifua vyekundu na meno pembeni mwa mdomo. Huyu ndiye kitindamimba."

"Kama shangazi yako," wifi akasema, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunitania tangu nyundo zihamie chini ya kitanda changu.

Basi ushahidi ukaanza kuanguka mmoja mmoja. Upande wa chini wa lile tawi kulikuwa na kitundu cha mviringo, kidogo kiasi cha kuingiza kidole gumba tu. Kitororo hukichimba mwenyewe kwa mdomo, hulala humo na kulelea humo watoto, na chenga zake zilikuwa zinashuka juu ya bega la kaka. Zile mbegu za gundi ni za ule mmea mdoezi unaojiotea juu ya matawi ya mparachichi. Yeye hula matunda yake, akitosheka na nyama ya tunda huicheua mbegu na kujifuta mdomo penye tawi lolote, au kamba yoyote ya nguo. Na anapenda kuimba wakati wa joto kali, ndege wengine wakiwa wamesinzia, mdundo mmoja, haubadilishi wala hauchoki.

"Lakini mbona hatujawahi kumsikia?" nikauliza.

"Shangazi, mngemsikiaje? Kila adhuhuri baba alikuwa kazini."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini juu ya mzizi. Nami nikacheka, zaidi kwa kupumua kuliko kwa kuchekeshwa. Tukarudi barazani tunasukumana kama wasichana. "Mzee!" wifi akasema mbele yake kwa sauti kubwa. "Kumbe ni ndege! Ni ndege tu!" Kaka akatutazama mmoja mmoja, akaona weupe wa meno yetu katika ukungu wake, naye akacheka. Alicheka baada yetu, mwishoni, kama aliyefika harusini wenzake wanakunja mikeka.

Kicheko cha wifi kikapungua.

Kitororo akagonga tena, karibu zaidi safari hii, mlio mkavu uliopiga bati la banda na kuturudia. Sisi watatu tukainua nyuso kwa pamoja. Kaka alikuwa anakusanya punje za mwisho sahanini.

Wifi akanyanyuka. Akapita nyuma ya mumewe, akasimama hapo, na kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuulizia chumvi, akasema:

"Mzee, nyundo zako nimeziuza zote."

Kaka akapapasa glasi ya maji, akainywa yote, akajifuta mdomo.

Binti akaziba midomo yake kwa kiganja. Mimi nilikumbuka *nimekula, asante.* Nikakumbuka kidevu juu ya ndoo. Nikakumbuka alivyokuwa akikuangalia mdomo unapoongea, miaka yote, nasi tukisema ana heshima ya kumsikiliza mtu. Alikuwa anatusikia kwa macho. Ukungu ulipoyafunga macho, tukafungiwa nje wote, naye hakumwambia mtu.

Wifi akazunguka, akavuta kigoda, akakaa mbele yake mahali jua linapofika, ili uso wake uwe wazi. Akamsogelea mpaka magoti yakagusana.

"Tangu lini?" akasema polepole, kwa sauti.

"Lini nini?"

Wifi akagusa sikio lake mwenyewe.

Kaka akainama. Alichukua muda mrefu kunawa mkono mmoja. "Zamani kidogo," akasema. "Ilikuja polepole. Siku moja nikaona nyundo inanipiga mkononi tu, haisemi."

"Mbona hukuniambia?"

"Fundi bati kiziwi ni fundi gani? Ndoo inasikilizwa. Watu wakijua, nani ataniletea ndoo?" Akajigusa kidevu. "Hiki bado kinasikia. Nikakitumia hicho."

"Na mimi? Mimi ni mteja?"

"Wewe nilikuwa nakuona," kaka akasema. "Ilinitosha."

Machozi yalimtoka wifi na hakuyafuta. "Nilikuita mwongo," akasema.

"Hilo nililisikia. Ulilisema kwa nguvu."

Mfuko wa nyuma ya mlango niliufungua mimi, kwa kuwa yeye aliona haya. Ndani mlikuwa na magauni mawili, kitana, na chupa ya dawa ya jicho. Alikuwa anamkimbia mtu huku amebeba dawa yake.

Jicho lilifunuliwa hospitali, na daktari akafurahi nalo. Nyundo bado, akasema, lakini kuona aone. Wifi hakumpeleka kwanza ndani wala kwa majirani waliokuja kumpongeza. Alimshika mkono, akampitisha mbele ya cherehani yangu mpaka chini ya mparachichi. Ilikuwa adhuhuri. Hakumwonyesha kwa kidole. Alisimama tu kando yake akangoja.

"Mweusi," kaka akasema. Nilimsikia kutoka barazani. "Kiunoni njano. Ana masharubu." Akazidi kutazama, kichwa kimeinuliwa, jicho jipya limekodolewa hata nikaogopa litachoka. "Koo linamvimba. Anasema nini?"

"Tok, tok, tok, tok," wifi akamwambia usoni.

Kaka akatikisa kichwa. "Hiyo ni midomo yako. Yeye anasema nini?"

Wifi akamwacha pale, akapita barazani karibu anikanyage, akaingia chumbani kwangu, akapiga magoti, akaivuta shuka. Akatoka na nyundo ndogo kuliko zote. Nilisimama kumzuia, nikaona uso wake, nikakaa. Akamwingiza kaka bandani, akamkalisha kwenye kigoda, akakichukua kiganja chake na kukilaza juu ya fuawe. Kisha akainua nyundo, yeye mwenyewe, ambaye maisha yake yote hajawahi kuigusa ila kuificha, na kuishika kwa vidole viwili, akagonga chuma kando ya vidole vya mumewe. *Tok-tok-tok-tok.*

Juu ya tawi kukawa kimya.

Kaka alikuwa amefumba macho. Kiganja hakikuondoka kwenye chuma.

*Tok-tok-tok-tok,* ikatoka mparachichini.

Wifi akamgusa shavu ili amtazame. "Amejibu," akasema.

"Mwambie na mimi nipo," kaka akasema, na wifi akainua tena nyundo.